Mama Germaine Alipokatazwa Kusema

Pale Mangobo, mtaa wa Kisangani, karibu na soko, hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ya Mama Germaine. Wapo waliokuwa hawajawahi kumwona uso, lakini sauti yake waliifahamu, kwa sababu kila siku kuanzia saa nne asubuhi ilitoka kwenye malewa yake, kile kibanda cha mbao na mabati alichouzia lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo wakati wa mchana, ikavuka barabara, ikawapita waendesha pikipiki kwenye maegesho yao, ikafika mpaka kwa wauza makaa.

"Lituma! Lituma ya moto! Pondu iko, samaki iko, kuyeni mukule!"

Na katikati ya mwito huohuo aliweza kumgombeza mama aliyemletea mkungu wa ndizi uliochubuka, kumjibu dada yake kwenye simu aliyoibana kati ya sikio na bega, na kumwambia binti yake Gracia, ambaye akitoka shule alikuja kuosha sahani, kwamba sahani hizo bado zina mafuta. Hakuwa mtu mkali. Wateja wake walimpenda. Ila alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kuisema hata moyoni mwake: kwamba akinyamaza kidogo tu, kitu fulani mahali fulani kitaungua.

Mwezi wa nne sauti ilianza kukwaruza. Akatafuna tangawizi, akaendelea kuita. Ikazidi. Akanywa asali na ndimu, akaendelea kuita. Jumanne moja akafungua mdomo amwite Dady, dereva wa pikipiki aliyekula pale kila siku, na kilichotoka kilikuwa mlio kama wa mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Watu kwenye mabenchi wakacheka. Na yeye akacheka, lakini kicheko chake hakikusikika, ndipo wote wakanyamaza.

Kesho yake mume wake Pierre, fundi seremala, aliacha kazi akampeleka hospitali. Daktari alimwingiza kioo kidogo kooni, akatazama, akakitoa, akatazama tena.

"Mama, uko na vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Siyo ugonjwa mubaya. Lakini ukiendelea hivi, sauti itakwenda kabisa. Bon. Siku kumi, hapana kusema. Hata neno moja."

Germaine akainua kidole, akanong'ona, "Hata kidogo-kidogo?"

"Kunong'ona ndiyo mubaya zaidi, mama. Funga mudomo."

Walipotoka nje, Pierre alianza kuongea naye kwa mikono. Akaelekeza kidole kwenye pikipiki, akajigusa kifua, akachora paa la nyumba hewani. Germaine alitaka kumwambia kwamba kilichougua ni koo, si masikio. Akashindwa. Akapanda pikipiki. Katika miaka kumi na saba ya ndoa, hilo lilikuwa neno la kwanza alilolimeza mzimamzima.

Hakukubali kubaki nyumbani. Alikwenda malewani kama kawaida, ila kazi ya kuita wateja akamwachia Benie, dada yake Pierre. Benie alikuwa mwanamke mpole, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba radhi. Alisimama mlangoni, akasema, "Lituma..." mara moja, akarudi ndani. Germaine alijua wateja wote watavuka barabara leo, watakula kwa wengine.

Saa sita mabenchi yalijaa kama siku zote.

Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyekuwa akija kwa sababu ya mwito. Watu walikuja kwa sababu wana njaa na njia wanaijua. Jambo hilo lilimuuma kidogo, kusema kweli. Miaka tisa ya kupiga kelele! Lakini jioni, alipokuwa akifunika masufuria, alihisi kitu cha ajabu mwilini, na ilimchukua muda kukijua: mabega yake yalikuwa yameshuka. Hakujua kama siku zote yalikuwa juu.

Kwa kuwa hakuweza kuamuru, siku ya pili alichukua kazi ya kutwanga. Lituma haina ujanja mwingi: ndizi huchemshwa, hutiwa kwenye kinu, hutwangwa mpaka zishikane. Siku zote aliitwanga huku anaongea, akikisia kwa macho, na mara nyingine mteja alikuta donge. Sasa alitwanga kimya, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba kinu kinasema. Mwanzoni mchi unaposhuka sauti ni nzito, ya majimaji. Baadaye inakauka, inapanda. Halafu unafika wakati ambapo mchi unanyonywa kidogo kabla haujatoka, na hapo lituma imeiva. Aliurudisha mchi mara tatu nne zaidi ya lazima, kwa sababu tu alikuwa anausikiliza.

Mchana huo mvua ilinyesha, ile mvua ya Kisangani isiyobisha hodi. Watu wakajibana chini ya mabati. Germaine alikurupuka, mdomo wazi, apige kelele makaa yafunikwe. Akageuka. Makaa yalikuwa yamefunikwa. Benie alikwisha kuyaona mawingu mapema, akafanya bila kuambiwa. Basi Germaine akabaki amesimama, hana kazi, anatazama maji yakitiririka kutoka kwenye ukingo wa bati kama nyuzi, na mtaa wote ukififia nyuma ya maji hayo. Simu yake alikuwa ameizima, kwani ya nini. Hakuwaza lolote. Mvua ilipokatika alishangaa kwamba imekwisha.

Siku ya nne alijipakulia sahani nzima, akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wateja. Benie alimtazama kama aliyeona kinyonga akikimbia. Tangu afungue malewa, Germaine hakuwahi kula chakula chake akiwa amekaa. Alionja kwa mwiko, amesimama, akipita. Akafinya tonge la lituma, akachovya kwenye pondu, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

Akameza. Akachovya tena, kidogo, aone kama amekosea.

Akararua kipande cha katoni, akachukua kalamu ya bic ya Gracia, akaandika: CHUMVI? Akamsogezea Dady aliyekaa pembeni yake.

Dady alisoma. Akatazama sahani yake, akawatazama wenzake wa pikipiki.

"Mama Germaine, unaniuliza kweli?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Alors, sawa. Pondu yako iko na chumvi mingi tangu mwaka jana. Sisi tunakulaka, halafu tunakunywa maji njia yote mpaka jioni."

Akaandika: MBONA HAMKUSEMA?

"Tungesema saa ngapi, mama?"

Benchi zima likaangua kicheko. Germaine naye akacheka kile kicheko chake cha bubu, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa pindo la kitenge. Alijua hasa ilivyokuwa. Alitia chumvi, simu ikaita, akajibu, akarudi, akatia tena. Kesho yake alitia mara moja tu, akasimama mbele ya sufuria mpaka ilipoyeyuka, na waendesha pikipiki walirudisha sahani zimelambwa.

Lakini lililomgusa zaidi lilikuja siku ya sita.

Wateja walikuwa wamekwisha kuondoka. Benie alikuwa amekwenda kununua makaa. Germaine na Gracia walikaa kwenye viti vifupi, beseni la maji ya moto katikati, binti akiosha, mama akikausha. Gracia alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu mwaka wa masomo uanze alama zake zilikuwa zimeporomoka, na Germaine alikwisha kulisemea jambo hilo mara nyingi, kwa sauti ambayo hata wauza makaa waliisikia: ni uvivu, ni simu, ni marafiki. Mara kadhaa msichana alikuwa ameanza, "Mama, nilitaka..." na mama akamkatiza, "Ngojea kwanza," kwa kuwa mteja anaingia, au wali unaungua.

Siku hiyo hapakuwa na ngojea kwanza. Palikuwa na maji, sahani, na kimya kirefu ambacho hakuna aliyekivunja. Sahani kama kumi na tano zilipita.

"Mama," Gracia akasema, macho kwenye beseni, "mi siko naona tableau."

Mkono wa Germaine ukasimama.

"Maandishi ya mwalimu kwa ubao yanakuwa kama moshi. Nikikaa mbele naona kidogo, lakini viti vya mbele viko na wenyewe. Nilitaka kukuambia tangu Noeli."

Zamani Germaine angekuwa na maswali thelathini, yote kwa pamoja. Sasa alikuwa na mikono tu. Akaweka sahani chini, akakausha vidole, akaushika uso wa binti yake, akayatazama macho yale ambayo aliyaona kila siku bila kuyaangalia. Na kwa kuwa mama hakujibu kitu, mtoto akaendelea. Alieleza jinsi anavyonakili kwenye daftari la rafiki yake Falonne, na jinsi kichwa kinavyomgonga kufika saa tano. Alieleza alivyoogopa kwamba akisema, ataambiwa anatafuta kisingizio. Alizungumza mpaka maji ya beseni yakapoa na mafuta yakaganda juu.

Germaine alisikia aibu, ya moto, imemkaa kifuani. Siku nyingine angeitoa kwa kelele: angemlaumu mwalimu, angemlaumu Pierre. Sasa haikuwa na pa kutokea. Ikabaki mle ndani, naye akabaki nayo, na polepole ikaacha kuchoma. Akamvuta Gracia, akamkumbatia hivyohivyo, mtoto na mikono yake yenye sabuni.

Kesho yake walikwenda wawili kwa wataalamu wa macho. Muuguzi alimuuliza mama jina la mtoto. Mama akamwonyesha mtoto. Akamuuliza tatizo limeanza lini. Mama akamwonyesha mtoto. "Mama yako haongei?" muuguzi akauliza kwa huruma. "Anaongeaka sana," Gracia akajibu. "Iko kwa mapumziko." Na akajieleza mwenyewe, vizuri, jambo baada ya jambo, mpaka Germaine akajiuliza mtoto huyu amejifunza wapi kusema hivi.

Miwani ilipatikana baada ya siku tatu. Gracia aliivaa palepale mlangoni, akapiga hatua mbili barabarani, akasimama.

"Mama! Ule muti uko na majani, moja-moja!"

Siku ya kumi ilipotimia daktari alitazama tena, akaridhika. "Vimepungua sana. Sema, lakini pole-pole." Nyumbani walikuwa wakimngoja. Pierre alikwisha kuwatangazia majirani kwamba leo maneno ya siku kumi yatatoka kwa mara moja, na Dady alikuwa amesimamisha pikipiki yake uani ili asikose. Germaine akakaa. Akasafisha koo.

"Nipeni maji," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, yenye vumbi kidogo.

Pierre alimpa maji. Akangoja. Wote wakangoja.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Papa Gracia. Niko na kiu."

Msidhani aligeuka mtu mwingine. Haikupita wiki akawa anagombana tena na mwuza ndizi, na mwito wake ukasikika tena, japo haukuvuka barabara. Lakini saa tisa, wimbi la wateja likishapungua, alivua aproni, akazima simu, akajipakulia, akaenda kukaa mwisho wa benchi akitazama njia. Alikula taratibu. Hakusema kitu. Siku nyingine ilikuwa robo saa, siku nyingine sufuria ilifurika naye akanyanyuka kabla ya tonge la tatu. Wateja walizoea. Mgeni akija akauliza kama pondu imebaki, Dady alimshika mkono: "Ngojea, papa. Mama iko anakula."

Jumapili moja, baada ya misa, alimchukua Gracia wakaenda Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, wawili tu. Walikaa kwenye mwamba mkubwa, viatu pembeni. Kule mto unanguruma mchana na usiku, mtu hawezi kuongea asipoegemea sikio la mwenzake. Mbele yao wavuvi walikuwa wakitembea juu ya nguzo zilizofungwa kwa kamba za porini, maji meupe chini yao, wakiikagua mitego yao mikubwa ya matete. Gracia alikuwa amewahi kuletwa pale na darasa lake. Hakuona kitu siku ile, zaidi ya weupe na kelele.

Germaine akamwinamia.

"Unaona nini?"

Gracia alirekebisha miwani, akaanza. Aliona fundo la kamba, limezungushwa mara nne. Aliona mzee mwenye shati jekundu, na vidole vya miguu yake vilivyoishika nguzo kama vya mkono. Aliona mkia wa samaki ukipiga ndani ya mtego, ukinyamaza, ukipiga tena.

Germaine alikuwa na la kusema. Alikuwa na matatu, kweli: kuhusu kesho, kuhusu ndizi, kuhusu viatu hivyo visiachwe karibu na maji. Akayaacha.

"Na tena?" akauliza.

Gracia akanyoosha kidole ng'ambo, akaendelea.