Tairi la Mbele

Asimulie, asimulie nini, amekuja hapa kununua matairi au kutoa ushahidi, na huyu muuzaji wa baiskeli naye kasimama mbele yake na tairi begani, anasema, "Bibi, hebu nisimulie mjukuu wako alivyoanguka, nikijua alivyoanguka nitajua nimpe tairi gani," maneno ya akili, huwezi kuyatupa, lakini watu hukuomba uwasimulie aibu ya nyumba yako kama wanaomba maji ya kunywa, lete, upesi, na yawe baridi... na hiki kigoda alichokalishwa kina mguu mmoja mfupi, kila akivuta pumzi kinagonga sakafu, na sakafu imeganda grisi, inang'ang'ania ndala zake, na harufu ya mpira mpya imemkaa kooni, duka zima linanuka kama kuna mtu kachoma viatu, na juu ya harufu hiyo kuna jasho la mwanawe, analijua hata akifumba macho, jasho la mtu asiyefanya kazi, na hakuna jasho baya kama hilo. Mwanawe wa mwisho huyo, mjomba wa huyo binti aliyeanguka, mtaani wanamwita Mtaalamu na hajui kuwa wanamcheka, anaitika, tena anaitika mkono mfukoni. Hakuna aliyemwalika. Wamemkuta hapa hapa, kaegemea kaunta kama kawaida yake, na hata shikamoo haijamkauka mdomoni keshaanza kuwachagulia, kachukua tairi, kalamba kidole gumba, kalisugua, kalinusa, analinusa! kama mama anayenusa maziwa yaliyolala, halafu kidole kile kile, chenye masizi na vumbi la rafu, kakirudisha ulimini, na bibi akageuza uso ukutani, akakuta minyororo ya baiskeli imening'inia kama matumbo ya mbuzi, akaona heri amtazame mjukuu.

Mjukuu kasimama mbele ya rafu, mgongo kwao, mwembamba, ndiyo maana wanamwita Kijiti, mkono wa kushoto umeshikilia kiwiko cha kulia ingawa bandeji alishafunguliwa na daktari akasema mtulinga umeunga vizuri kuliko ulivyokuwa... umeunga mfupa, mdomo je, mtoto huyu alikuwa akiongea hata akipiga mswaki, povu linaruka, sasa unampa chakula anasema asante, unampa maji anasema asante, mpaka juzi akasema jambo refu, "Bibi, baiskeli iuzwe, mimi ni mwoga, mtu mwoga hapandi mlima," akalisema vile mtu anavyosema ni saa ngapi, na yeye akamjibu twende kwanza dukani tukaivalishe viatu, baiskeli peku nani atainunua, uongo huo, alitaka tu mtoto aguse tairi, maana akiiuza leo atakuwa ameiuza akiamini hivyo maisha yake yote, na kitu mtu akikiamini katika umri ule kinaota naye, kama waya uliosahauliwa shinani mwa mti. "Huko mlimani, Mama, kuna hali nne," Mtaalamu anaeleza, na hakuna aliyemuuliza, "pakavu pagumu unataka meno mafupi yaliyobanana, unakwenda kama risasi. Changarawe, unataka meno makubwa ya pembeni, yakushike kwenye kona. Mawe, unataka ubavu mnene na upepo usijazwe sana, ukijaza unadundadunda kama mpira. Tope..." hapo akakohoa. Mbona umekohoa, baba? Makombo ya andazi yameruka kutoka kwenye masharubu yake yakatua juu ya kaunta, na akayafuta kwa kiganja, akayatia mdomoni. Ee Mungu, na huyu nilimnyonyesha miaka miwili.

Tope ndilo lililowaleta hapa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kuamkia mashindano ya baiskeli, udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu unaoganda mpaka unasahau umevaa viatu gani, na yeye bibi alisimama kwenye kona ya chini, chini ya mwavuli uliokatika njiti, alisimama pale kwa sababu hapo mizizi imetoka nje ya ardhi na alijua mtoto akipita hapo amekwisha shinda, na Kijiti akatokea, wa pili, kalala juu ya usukani kama panya juu ya kamba, anacheka, aliyaona meno yake, na gurudumu la mbele likapiga mzizi likaenda pembeni, taratibu, kama kipande cha sabuni kwenye beseni, halikung'ata, halikushika kitu, na bibi alisikia mfupa, wengine wanasema huwezi kusikia kwa umbali ule, waseme. Na mjomba mtu akakimbia, akafika wa kwanza, akainua nini? Baiskeli! Akaipangusa, akalizungusha gurudumu, ndipo akamkumbuka mtoto, na kabla mtoto hajapata pumzi ya kulia akawatangazia watu, "Kashika breki huyu, kaogopa, nilimwambia asiguse breki," na mtoto amelala, tope mdomoni, macho yamemwelekea yeye mjomba, anasikiliza, analipokea neno lile pamoja na maumivu, kama dawa. "Ulishika breki kweli?" bibi alimuuliza baadaye kitandani. "Sikumbuki, Bibi. Mjomba aliona." Mjomba aliona! Wanasema maneno matupu hayavunji mfupa, haya ya huyu yalisubiri mfupa uvunjike ndipo yakaingia kupitia ufa.

"Lakini mimi kuna jambo silielewi," muuzaji anasema, na tairi sasa kalishusha begani, "kabla ya mashindano nilimuuzia mama wa huyu binti matairi mawili ya tope, mapya, haya haya, mbona mnataka mengine? Hayatoboki kirahisi haya." "Moja lilikuwa na kasoro," Mtaalamu akadakia, "nikalirudisha." "Ukalirudisha wapi?" "Dukani." "Duka lipi, ndugu yangu? Hapa hakikurudi kitu." "Sikukukuta, nikalirudisha... lile duka la kule chini." "Tairi langu ukalirudisha kwenye duka la mtu mwingine?" Wateja wawili waliokuwa wanachagua kengele wakacheka, mmoja akasema, "Huyo ukimkopesha shati atalirudisha kwa jirani," na Mtaalamu naye akacheka, akacheka pamoja nao! lugha aliyozoea, kucheka mpaka swali lichoke liende zake, tangu akiwa mdogo, sukari imekwenda wapi, kicheko, kuku amekufaje, kicheko, na ufizi wote nje... "Shika, Bibi, uone mwenyewe," muuzaji akamwekea tairi mapajani, zito, la ubaridi, meno yake marefu na yameachana, kama ya mtoto anayeota ya pili, akapitisha kidole kwenye mapengo, na muuzaji anasema mapengo ndiyo dawa, tope likiingia linarushwa nje, tairi likibanana meno tope linajaa linabaki ngozi tupu inayoteleza. "Na mtu akiwa nalo moja tu," bibi akauliza, hakujua kwa nini anauliza, "analiweka wapi?" "Mbele, Bibi. La nyuma likiteleza unayumba kidogo, unacheka, unaendelea. La mbele likiteleza umeshalala chini."

Mbele. Na yeye alikuwepo uani asubuhi ile ya mashindano, anachambua mchele, alimsikia kwa masikio yake, Kijiti kachuchumaa anasema, "Mjomba, jipya si tuliweke mbele? Hili la mbele limelika kama kisigino," na mjomba kajibu, "Wewe unanifundisha? Nyuma ndiko kunakosukuma, jipya nyuma," na mtoto akampa spana, maana mjomba ndiye anayejua, hivyo ndivyo walivyomlea, ukiwa na shaka kamuulize mjomba. Mjinga basi. Debe tupu. Bibi akashusha pumzi, kigoda kikagonga, ujinga hata kama umevunja mfupa ni ugonjwa, mtu hujisemea ndiye niliyepewa, unafunika kombe mwanaharamu apite, unampikia, unamfulia... akainua macho mlangoni apate hewa isiyonuka mpira, na mlangoni imeegemezwa baiskeli, ya nani, ya Mtaalamu, ile ya bluu yenye kiti kilichofungwa mfuko wa nailoni, na kama asingekuwa na tairi mapajani asingeona kitu, tangu lini yeye akachunguza matairi ya wanaume, lakini vidole vyake bado vilikuwa kwenye mapengo, na macho yakafuata vidole. Gurudumu la nyuma, kipara. Gurudumu la mbele, meno marefu yaliyoachana, na katikati ya meno, udongo mwekundu umekauka.

Mbele. Ameliweka mbele.

Kwa hiyo... ngoja, taratibu, usikimbize... zile wiki zote alizokuja kumjulia hali mtoto akija kwa miguu, yeye ambaye hata msalani angependa kwenda na baiskeli, akasema anafanya mazoezi ya mapafu, na bibi akamchemshia chai, akampa kiti chenye mto! Alijua. Lake aliliweka mbele, la mtoto nyuma. Mjinga hakosei kwa mwenzake akapatia kwake. Na kinyaa kilichokuwa kwenye ngozi tu, cha kidole na makombo na ufizi, kikamwingia ndani, akamtazama mwanawe yule aliyekuwa bado anacheka na wateja, shingo ile, masikio yale ya babake, akatafuta mahali pa kumwonea huruma, akapekua kama mtu anayepekua mfuko wa nguo kuukuu, hakupata, na hakushangaa, na ajabu ni kwamba akatulia, kama mtu aliyekwisha tapika, anaona vizuri. Alikuja hapa akiwa mama wa mjinga, na mama wa mjinga hufunika. Sasa hana cha kufunika, kombe limepasuka.

Muuzaji bado anangoja, mikono kiunoni, "Enhe, Bibi, alianguka vipi?" "Sisimulii," bibi akasema. "Kijiti, njoo hapa. Shika hili. Pitisha vidole. Sasa tazama gurudumu la mbele la mjomba wako."

Mtoto akatazama. Akatazama sana, mkono wa kushoto ukaachia kiwiko, hakujua kama umeachia, midomo ikasogea bila sauti, anarudi kule chini, bibi aliona, anarudi mpaka kwenye ule mzizi, anahesabu vidole vyake juu ya breki, kimoja kimoja, na hakuna kilichobana. "Mjomba," akasema, na ilikuwa sauti yake, ile ya zamani, ya povu la mswaki, "ulijua?"

"Unaona, Mama, hali ya mlimani..."

"Umeulizwa na mtoto. Usinijibu mimi."

"Yaani, kitaalamu, kuna..."

"Mtoto huyu hapa."

Wateja wameacha kengele. Muuzaji katazama grisi yake sakafuni. Na Mtaalamu, mtu aliyekuwa na hotuba kwa kila tairi lililoning'inia mle ndani, akafungua mdomo kucheka, kicheko hakikuja, akajaribu tena, na kilichokuja kikamtoka kwa taabu, kidogo, kikavu, kama mwiba wa samaki unaokoholewa mbele za watu, na mjukuu akasimama wima mpaka kikaisha kutoka.

"Nilijua."