Siku ya Digrii Mia Moja Kumi na Nane

Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, Sellah alifungua kisanduku cheupe cha mbao kando ya msitu, upande wa Shinyalu, akasoma kipimajoto, akaandika kumi na tisa nukta nne. Alimfukuza mbuzi wa jirani aliyekuwa akijikuna kwenye miguu ya kisanduku, kisha akarudi nyumbani kunywa chai. Ofisi ya kituo cha hali ya hewa ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka jikoni kwake, na mkuu wake hakuwa mtu wa kuonekana kabla ya saa nne.

Jikoni alimkuta nyanya yake, kukhu Pascalia, ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni ya kufulia. Kukhu alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani alichozikwa nacho.

"Mulembe, kukhu," Sellah alimsalimia.

"Mulembe gani na mimi naiva? Ongeza maji."

Sellah akaongeza maji. Baada ya dakika tano yakaanza kutoa mvuke. Kwa kuwa kuni zilikuwa haba wiki hiyo, alitumbukiza yai ndani ya beseni na likaiva vizuri.

"Mmefanya nini na siku zangu?" kukhu aliuliza akimtazama akibambua yai. "Mimi sipendangi joto, unajua. Hata jua la Januari nilikuwa nalikimbianga. Na wewe umenona, mama. Unakulanga nini?"

"Mayai, kukhu."

Haikuwa kwake peke yake. Njiani kwenda ofisini Sellah aliona marehemu wengine wamejipanga chini ya ua wa majani chai wakijipepea kwa kofia. Katika nyumba ya tatu mwenye boma alikuwa akimmwagia babu yake ndoo ya maji, huku akimlalamikia kwamba maji ya bomba hutoka mara mbili tu kwa wiki.

Ofisini alikuwepo Elvis, fundi wa kompyuta, mtu mnene mwenye vidole vyepesi. Mradi ulikuwa umemleta aingize vitabu vya zamani vya hali ya hewa kwenye mashine, na alikuwa amemaliza Ijumaa, wiki nzima kabla ya wakati, akajipongeza kwa soda.

"Elvis, hivi vitabu vya miaka ya sitini uliviingiza vipi?"

"Kama vilivyo. Siku ya kwanza, sabini na tisa. Ya pili, themanini na moja. Nambari ni nambari, madam."

"Hiyo ni Farenhaiti."

Elvis aliwaza kidogo. "Ndiyo maana baba yangu yuko ndani ya pipa la maji tangu juzi," alisema. "Nilidhani ni maringo yake tu."

Kipimo cha Farenhaiti kinayahesabu maji kuwa barafu kwenye thelathini na mbili na yanayochemka kwenye mia mbili na kumi na mbili. Selsiasi huanza na sufuri na kuchemsha kwenye mia. Sabini na tisa ya zamani ni ishirini na sita na kidogo ya leo, alasiri ya kawaida ya Kakamega kabla ya mvua kushuka. Elvis alikuwa ameiandika sabini na tisa kwenye safu ya Selsiasi. Walio hai hawakuhisi lolote, kwa kuwa walikuwa na joto la leo la kuwashughulisha. Marehemu hawana hali ya hewa nyingine isipokuwa ya siku walizoishi, na siku hizo zilikuwa zimepashwa moto karibu wachemke.

"Ni kitu kidogo," Elvis alisema. "Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa." Akabonyeza.

Akabonyeza kwenye vitabu vyote, mpaka miaka ya themanini na tisini, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa Selsiasi tangu mwanzo. Kufikia saa sita mchana marehemu wa miaka hiyo walikuwa mlangoni, meno yanagongana, wakiomba blanketi. Mmoja alikuwa na barafu kwenye masharubu. Mwalimu wa kwaya aliyefariki mwaka wa tisini na sita alimwambia Elvis maneno ambayo kwaya haikuwahi kuyasikia kutoka kwake.

Osiako aliingia katikati ya kelele hizo. Ndiye aliyesoma kipimajoto cha kituo hicho kwa miaka thelathini, na mauti hayakumzuia kupita kila asubuhi kuhakikisha kisanduku kimefungwa.

"Glasi mpya ya Selsiasi ililetwa Julai mosi, sabini na tatu," alisema. "Ile ya zamani niliizika nyuma ya choo. Kabla ya hapo geuza. Baada ya hapo acha. Shida ya vijana ni kutouliza."

Elvis, aliyekuwa na miaka arobaini na mitatu, alifurahi kuitwa kijana. Akageuza mpaka Juni thelathini, akaacha kuanzia Julai mosi. Nje kukatulia. Marehemu walizikunja blanketi, wakarudisha ndoo, wakashukuru, wakaenda. Baba yake Elvis alitoka kwenye pipa na kulalamika kwamba maji yana mwani.

Sellah alikimbia nyumbani akicheka. Kukhu bado alikuwa kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa umekauka na shingo yake imepoa, lakini miguu ilikuwa bado ikichemsha beseni.

"Zimepoa zote," kukhu alisema. "Imebaki moja."

"Ipi?"

"Utaijua. Unasomanga wewe."

Faili la mradi lilikuwa la kufungwa Ijumaa saa kumi, na baada ya hapo hakuna ambaye angeligusa. Sellah alipekua vitabu ukurasa kwa ukurasa. Alhamisi mchana aliipata: Februari kumi na saba, sitini na sita. Saa tatu asubuhi, sabini na moja. Saa tisa alasiri, mia moja kumi na nane. Pembeni, kwa wino mwekundu wa bwana msitu wa wakati huo: chombo kimekosea, isihesabiwe. Elvis alikuwa ameiona alama hiyo, akairuka asiigeuze.

"Chombo hakikukosea," Osiako alisema nyuma ya bega lake. "Wakati huo kisanduku kilikuwa kwenye uwanda wa nyasi ndani ya msitu. Siku hiyo watu wa bwana msitu walichoma nyumba arobaini, wenyewe watoke msituni. Mimi nilisoma nilichokiona."

Sellah alihesabu kwa penseli. Themanini na sita mara tano, gawa kwa tisa: arobaini na saba nukta nane. Alimpelekea mkuu wake, Bwana Erastus, ambaye alikuwa na haraka.

"Kakamega haijawahi kufika hapo," alisema. "Acha nafasi wazi."

Jioni alipomweleza kukhu, kikongwe alitoa miguu kwenye beseni kwa mara ya kwanza.

"Wazi? Mama yako nilimzaa kando ya mto siku hiyo, saa kumi, na moshi machoni. Ukiiacha wazi, alizaliwa lini? Na wewe ulitoka wapi?"

Sellah aliitazama mikono yake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kuonyesha kigoda kilichokuwa nyuma yavyo.

Ijumaa saa tisa na nusu alisimama mbele ya meza ya Erastus na kumwonyesha mkono huo. Erastus aliuchungulia, akamwona mbuzi dirishani kupitia kiganja.

"Sasa nitafanya kazi na nani?" alisema. "Kuna safu ya makosa ya chombo. Iweke huko, imegeuzwa. Itakuwepo lakini haitahesabiwa."

Osiako alisema glasi yake haijawahi kudanganya mtu. Elvis aliandika arobaini na saba nukta nane, akafunga faili saa kumi kasoro dakika mbili, na mkono wa Sellah ukajaa kama kawaida. Sellah alikaa chini akalia kidogo, kisha akaomba soda.

Kukhu alikuwa mlangoni akikaza kitambaa chake.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema. "Ni kali, lakini nilishaipitia." Akaenda.

Hurudi mara moja kwa mwaka, Februari kumi na saba. Kisanduku huonyesha ishirini na saba, jikoni huwa arobaini na saba nukta nane, na kwenye faili chombo bado ndicho kilichokosea. Sellah humwekea beseni na kumsikiliza akizitaja zile nyumba arobaini, moja baada ya nyingine, na za nani. Siku hiyo ndiyo anayofua blanketi zote. Hukaukia humo jikoni kabla kukhu hajafika nyumba ya kumi.