Nyapara Johana Asoma Tangazo

Johana, nyapara wa wachuma chai, alikuwa na miwani. Hakuna aliyejua aliipata wapi, ila alipoivaa mbele ya ubao wa matangazo pale kiwandani, watu walinyamaza kama wako kanisani. Yeye ndiye aliyewasomea neno la bwana mkubwa, na kila aliposoma, neno lilikuwa chungu.

Mellen, mmoja wa wachuma chai hao, alimjua vizuri. Mwaka uliotangulia Johana alisoma kwamba vijana wasio na wake watapunguziwa posho. Vijana wakavunja madirisha ya ghala kwa mawe. Arasa, mwanawe Mellen, akafungwa jela Kericho. Alirudi amekonda, haongei, akishinda mferejini na wenzake wakinoa mapanga yasiyo na kazi. Na posho? Haikupungua hata kibaba.

Basi mwalimu Zacheus alipofungua darasa la watu wazima, Mellen alikuwa wa kwanza kukalia benchi, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Mama Arasa anatafuta ukarani!" Johana alicheka. "Hayo macho yanatosha kutazama majani tu."

"Tutaona, nyapara."

Mvua za masika ziliposhika, tangazo jipya likabandikwa. Johana akavaa miwani, akakohoa, akasoma: "Jumapili hakuna kupumzika. Vijana wote watalima shamba la bondeni, bila malipo."

Shamba la bondeni lilikuwa la nani, kama si la Johana mwenyewe? Lakini hasira haiulizi mipaka. Vijana waliinama, kila mmoja akaokota jiwe. Arasa naye alikuwa na lake.

Mellen akajipenyeza hadi ubaoni, kapu mgongoni.

"Nyapara, nionyeshe 'Jumapili' iko wapi."

Johana akaweka kidole.

"Hapo pameandikwa 'kiwanda'. Na 'bondeni' je?"

Kidole kikatangatanga, kikatua kwenye muhuri.

Mellen akageukia ubao, akasoma polepole, akirudi nyuma kila alipojikwaa: "Ju-ma-pi-li ki-wa-nda ki-ta-fu-ngwa. Wa-tu wo-te wa-pu-m-zi-ke."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika kama moto kwenye nyasi kavu. Simba wao wa karatasi! Mawe yakadondoka matopeni.

La Arasa halikudondoka.

"Nimelala jela," alisema, "kwa ajili ya mtu asiyejua hata *a*?"

Johana alirudi nyuma, jasho likimtoka puani.

"Ukimpiga," Mellen akasema, "wewe ndiye utakayerudi Kericho, na yeye atabaki hapa akiitwa muungwana. Mwache avue miwani mwenyewe."

Arasa akalitupa jiwe mferejini. Wakaenda wote ofisini, mikono mitupu, wakasema yote.

Bwana mkubwa, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza ni nani anayewasomea watu, alimpeleka Johana kuchunga ng'ombe wa maziwa. Kisha akajisifu kwa wazungu wenzake kwamba nidhamu yake ndiyo iliyowatuliza vijana. Haya, na ajisifu. Vijana hawakuwa na nafasi ya kumsikiliza. Walikuwa darasani, wamebanana kwenye mabenchi na mama zao, na kila aliyewaletea uvumi walimuuliza: imeandikwa wapi?

Mellen alichungulia begani kwa mwanawe.

"Hiyo *m* yako ina mguu pungufu. Andika tena."

"Ndiyo, mama," Arasa akasema, akafuta kwa kiganja.