Mkaguzi wa Makwapa

Katika kiwanda kile cha mikate hakuna aliyegusa unga kabla hajanyoosha mikono juu. Kila alfajiri wafanyakazi walipanga mstari mbele ya chumba cha kukandia, mikono hewani kama watu waliovamiwa na majambazi, na mkaguzi wa usafi akapita na tochi akimulika kwapa moja baada ya jingine. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, akaupenda kuliko mshahara wake. Wafanyakazi wakambatiza Mzee Kwapa Juu, jina alilojifanya halijui huku akilionea fahari.

Sheria yake ilikuwa fupi. Jipu ni uchafu, na uchafu ni alama nyekundu kwenye daftari. Alama tatu, kazi huna. Mama mmoja mkandaji, ambaye hakuna mwanamume aliyemfikia kwa kukanda, alikuwa na mbili. Majipu yake yalipona, kisha yakarudi palepale, na mkaguzi akatangaza mbele ya mstari mzima kwamba kuna watu wanaoogopa maji kama paka. Jumatatu alimwandikia ya tatu. Alhamisi kikao kingekaa, mkaguzi asome alama, meneja atie sahihi, mama wa watu arudi nyumbani kwa wanawe mikono mitupu.

Shida ni kwamba Jumanne mkaguzi mwenyewe alishindwa kuinua mkono wa kulia hata kuchana nywele.

Wala halikuwa jipu la kwanza. Mwaka wa pili sasa yalikuwa yakimtoka, naye alikuwa akifa na tai shingoni. Alioga mara nne kwa siku kwa sabuni ya kufulia, akajisugua kwa dodoki mpaka machozi yakamtoka. Alipaka ndimu, akapaka dawa ya meno, na mara moja, Mungu amsamehe, akapaka mafuta ya breki kwa ushauri wa dereva wa gari la mikate. Kadiri alivyosugua ndivyo yalivyozidi kumjibu. Nani amkague mkaguzi? Hakuna. Lakini mkewe alikuwa na macho, na siku hiyo alimwambia kwa upole kwamba mtu asiyetoka bafuni hawezi kuugua uchafu. Jumatano akaenda zahanati ya mbali, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, na hakuwa na tochi. Alikuwa na maswali. Je, yanarudi palepale? Yanarudi. Na kwenye kinena? Mkaguzi akageukia ukuta, akaukubalia kwamba ndiyo. Yakipasuka yanaacha makovu magumu, na vitundu vinavyopitiana chini kwa chini? Ndiyo. Anaogea nini? Sabuni ya kufulia na dodoki. Kuna mwingine kwenye ukoo? Hapo akamkumbuka baba yake mdogo, aliyetengewa taulo, kiti na kikombe mpaka siku aliyozikwa, akaitikia kwa kichwa.

"Huu si uchafu, mzee," daktari akasema. "Vinyweleo vinaziba ndani ya ngozi, kwenye mikunjo na penye jasho, halafu mwili wenyewe unavimba kwa hasira. Hauambukizi. Na hilo dodoki litupe, unauchokoza."

Akampa vidonge vya miezi mitatu, akamwambia aache sigara, afunike jeraha linalotoa maji, arudi kila mwezi. Hautoki kwa siku moja, alisema, ila unatulizwa, hasa ukitambuliwa mapema. Wengi huchelewa miaka kwa sababu wenyewe wanaona haya, na majirani wanajifanya wanajua chanzo kuliko daktari. Akamwandikia jina la ugonjwa, refu kama treni ya mizigo. Mkaguzi akauliza kama haungepatikana ugonjwa wenye heshima kidogo, presha kwa mfano. Daktari akacheka. Mkaguzi hakucheka.

Jioni alifungua daftari lake. Mama mkandaji, kwapa la kushoto, palepale, mara tatu. Akarudi nyuma kurasa nyingi: mchomaji wa oveni, makwapa yote mawili, palepale; mfungashaji, kwapa la kulia, palepale. Kwa miaka minne alikuwa ameuandika ugonjwa ule kwa tarehe na mahali, kwa umakini ambao zahanati nzima ingemwonea wivu, isipokuwa kichwa cha safu kilisema UCHAFU. Aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya ukutani.

Alhamisi mama mkandaji alisimama karibu na mlango, kwani hakuambiwa akae. Meneja akafungua kalamu. Mkaguzi angeweza kusoma tu, na hakuna ambaye angejua.

"Alama hizi nilikosea," akasema. "Huyu mama ni mgonjwa. Na mimi pia."

Akavua koti, akayataja majipu yake moja baada ya jingine, akainua mkono. Ulifika nusu ya njia, ukagoma. Meneja alirudisha kiti mpaka kikagonga kabati, akaziba pua ingawa hapakuwa na harufu yoyote. Kisha akamshukuru kwa ukweli wake, akausifu mfumo bora aliouanzisha, akasema kwa kuwa majipu aliyoyakiri ni zaidi ya matatu, sheria inajieleza yenyewe. Akaomba daftari. Mkaguzi alirarua kwanza ukurasa wa mama yule na kuutia mfukoni. Meneja, aliyekuwa akihangaika kuuvisha mkono wake mfuko wa mkate ili alipokee, hakuona, na bila ukurasa ule mama hakuwa na alama hata moja.

Kwenye korido mkaguzi akampa mama karatasi yenye jina la ugonjwa na zahanati. Akasimama, na tuseme ukweli, alikuwa anasubiri asante.

Mama aliisoma, akaikunja. "Miaka minne umelimulika kwapa langu," akasema. "Hujaniuliza hata siku moja kama linauma."

Mkaguzi akauliza:

"Linauma?"

"Linauma," mama akasema, akaingia kukanda unga.