Mlima wa Masjala

Saa mbili kasorobo asubuhi karani wa masjala alifungua ofisi ya maji, akafagia mchanga uliojaa ukumbini, akawapangia wateja mabenchi. Kisha akavaa sweta, akajifunga viatu vizuri, akapanda mlima kupeleka barua za siku hiyo.

Mlima wenyewe ulikuwa wa barua. Utaratibu wa ofisi haukuwa na mjadala: barua mpya huwekwa juu ya rundo, na kazi huanzia chini, maana aliyetangulia ndiye ahudumiwe kwanza. Ila barua ya chini kabisa haikuvutika, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa zimeikalia. Kwa hiyo kazi ilikuwa bado haijaanza. Haba na haba hujaza kibaba. Rundo lilipogusa dari, fundi aliitwa akatoboa dari, na lilipogusa paa akatoboa paa. Alifanya kazi safi, hata kingo za tundu alizipiga rangi.

Tangu hapo mlima uliigawa ofisi pande mbili. Upande wa meneja kulikuwa na dirisha kubwa lililotazama ziwa, na kila siku kuanzia saa nne mvua ilimnyeshea kwa upole. Meneja alifunga mwavuli kwenye kiti chake. Vyura wawili walikaa kwenye trei ya barua zinazotoka, ambayo haikuwa na shughuli nyingine, na nyuma ya kabati migomba ilikuwa imeanza kuzaa. Upande wa wateja halikudondoka hata tone. Vidau vya wino wa mihuri vilikauka, midomo ilipasuka, na mpungate wa miiba mirefu uliota kwenye benchi la tatu. Watu walijibana kuupisha.

Mtaalamu wa hali ya hewa aliletwa na vipimo vyake. Alipima siku nzima.

"Hapa hakuna ajabu," alimwambia karani. "Upepo unatoka ziwani na unyevu wake. Ukikuta mlima, unapanda. Huko juu unapoa, unamwaga mvua yote kwa meneja. Ukivuka kuja kwenu umeshakuwa mkavu, na ukishuka unapata joto. Nyinyi mko kwenye kivuli cha mvua."

"Na dawa yake?"

"Mpunguze mlima."

Aliuandika ushauri huo katika kurasa kumi na nne, nakala tatu. Karani akazipandisha juu.

Yote hayo karani aliyazoea. Barua moja tu ndiyo iliyomkosesha raha, nayo ni ya mama mkwe wake. Mama huyo aliomba bomba miaka tisa iliyopita, na mpaka leo alipandisha ndoo kilimani kwa miguu yake. Bega la kulia lilikwisha kumgomea, akahamia la kushoto. Laiti angekuwa mgomvi! Kila Jumapili alimkaribisha mkwewe kwa adabu ileile.

"Hujambo, baba? Watoto hawajambo? Na barua yangu, haijambo?"

"Haijambo, mama," alijibu karani, macho chini. Kwa aibu akakoroga chai isiyo na sukari.

Msimu wa mvua kubwa ulipofika, maji yalichimba korongo upande wa meneja, na tabaka la miaka tisa iliyopita likaonekana. Karani alishuka kwa kamba. Bahasha aliijua mara moja, maana mama mkwe alikuwa ameishona kwa uzi mwekundu. Aliipeleka mbio mezani kabla haijafunikwa tena.

Meneja alikata uzi, akafungua, akageuza karatasi mbele na nyuma. Ilikuwa nyeupe pe.

"Hapa hakuna ombi."

"Lilikuwepo, bosi. Mvua imelifuta."

"Mvua si idara yangu. Aandike upya. Subira yavuta heri." Akamkatia ndizi mbili za kwenda nazo nyumbani.

Mama mkwe aliandika upya, akashona bahasha kwa uzi uleule. Ijumaa jioni karani aliipandisha mwenyewe mpaka kileleni. Kesho yake mvua ya meneja haikungoja saa nne, ilianza saa tatu na nusu.

Jumapili ikafika.

"Na barua yangu, haijambo?"

"Haijambo, mama. Iko juu kabisa."

"Juu kabisa!" Uso ulimchangamka. "Huko hakuna baridi?"

"Kuna theluji, mama."

Mama mkwe alifikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na shali yake ya sufu. "Basi uifunike, baba. Isije ikaugua kabla haijasomwa." Kisha akaitweka ndoo kwenye bega la kushoto na kwenda zake mtoni. Karani alitamani kulia, akamaliza chai yake.

Jumatatu saa mbili kasorobo alifagia mchanga, akapanda mlima, akaifunika barua kwa shali na kuichomekea pembeni pasipite upepo. Halafu akaweka juu yake barua arobaini za siku hiyo.