Kanuni ya Lango la Mikokoni

Jumatano asubuhi Bi Mwanvita alirudi nyumbani kwake Zinga na kikapu cha dagaa na mafungu mawili ya mchicha. Alivua kandambili, akanyanyua mguu wa kulia avuke kizingiti, na mguu haukuvuka. Ulisimama hewani kama uliogusa ukuta. Alijaribu wa kushoto. Kisha alisukuma kikapu, na kikapu kikaingia.

"Habiba," alimwita mkwewe, "mlango umenikataa."

Habiba alitoka jikoni akifuta mikono. Aliutazama mlango uliokuwa wazi, akachukua kikapu.

"Hawa dagaa hujawatoa vichwa, mama."

"Nitawatoa nikiingia."

"Basi nawatoa mwenyewe," Habiba alisema, akarudi jikoni.

Msabaha, mwana wa Bi Mwanvita, alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta. Kazi yake ni kuweka mifumo ya kompyuta katika hoteli na maghala ya Bagamoyo. Wiki hiyo alikuwa akiandaa diski ya kuendeshea lango la kampuni iliyonunua ufukwe kaskazini mwa mji na kuuzungushia ukuta. Ndani ya ukuta kilikuwamo kilichobaki cha kitongoji cha Mikokoni: kisima, misingi ya nyumba, na makaburi. Lango lilitakiwa kusoma vitambulisho. Meneja aliagiza kanuni moja itangulie nyingine zote: aliyezaliwa Mikokoni asipite.

Asubuhi hiyo, mama yake alipokwisha kutoka, Msabaha alichomeka diski kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuanza kusakinisha mfumo. Programu ya kusakinisha ilitakiwa kuandika kanuni za ulinzi kwenye diski ile tu. Ilipofika hatua ya kuziwasha, iliziwasha pia kwenye kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Haikutoa onyo. Mafundi wanalijua kosa hili, na dawa yake ni kurudisha kanuni za zamani. Lakini kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye ukuta wa sebule, na nyumba nayo ilizifuata kanuni hizo. Msabaha na Habiba walizaliwa Zinga. Bi Mwanvita alizaliwa Mikokoni.

Msabaha alisoma kioo cha kompyuta, akamweleza mama yake hayo yote bila kugeuka.

"Kwa hiyo lango la kutuzuia sisi unalitengeneza wewe," Bi Mwanvita alisema kutoka nje.

"Nisipolitengeneza mimi, atalitengeneza mwingine."

"Huyo mwingine angekosea kwenye nyumba yake. Hii aliijenga marehemu baba yako, na maji ya kufyatulia matofali niliyachota mimi."

Msabaha alirudisha kanuni za zamani. Kompyuta ilikubali, mlango haukukubali. Alichomoa waya, akaitoa kompyuta uani. Bi Mwanvita alijaribu tena, na mguu ukasimama palepale. Msabaha alihitimisha kwamba mlango utaishika kanuni ile maadamu imo kwenye diski ya lango.

"Ifute," mama yake alisema.

Msabaha alimpigia simu meneja. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akasema mlango wa ofisi yake hauna tatizo lolote, na kwamba mkataba wa kuyahudumia malango yote ya kampuni uko mezani unasubiri diski. Ijumaa Msabaha aliipeleka, kanuni ikiwa bado imo. Lango lilifanya kazi siku ya kwanza, jambo ambalo si la kawaida.

Nyumbani walizoea. Kitanda cha Bi Mwanvita kilitoka mlangoni bila shida, kikawekwa barazani, na Msabaha akaongeza bati moja upande wa mvua. Chakula kilipitishwa dirishani. Habiba alikifanya chumba cha mama mkwe stoo ya mpunga. Hija, jirani anayeuza maandazi, alipita kila asubuhi.

"Shikamoo, bibi. Bado hujafunguliwa?"

"Marahaba. Muulize mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si wewe?"

"Mlango una habari nyingine."

Ndugu zake wa Mikokoni, waliotawanyika hadi Lugoba, walipomtembelea walikaa barazani. Hakuna aliyejaribu kizingiti.

Shaabani ilipokaribia kwisha, watu walianza kufyeka na kufagia makaburi kabla ya mfungo. Bi Mwanvita alichukua fagio jipya la chelewa na chupa ya marashi, akaenda Mikokoni. Binti yake wa kwanza, Mina, aliyefariki kabla Msabaha hajazaliwa, amezikwa huko. Alirudi alasiri. Fagio lilikuwa bado jipya na chupa ilikuwa imejaa.

Msabaha alimpitishia wali dirishani. Bi Mwanvita aliumaliza wote ndipo akasema.

"Nikifa, mtanioshea wapi?"

"Hapohapo barazani. Tutazungushia mashuka."

"Nataka kulazwa kando ya Mina."

"Lango linasoma kitambulisho, mama. Kufa hakubadilishi mahali mtu alipozaliwa."

"Basi nipitisheni dirishani, kama mnavyopitisha wali."

Msabaha aliufikiria ukuta ule. Alikuwa ameuzunguka wote siku ya kufunga kamera.

"Ule hauna dirisha," alisema.

Bi Mwanvita alimnyooshea sahani. Msabaha aliipokea, akafunga wavu wa dirisha, kwa sababu mbu walikuwa wanaingia.