Kushuka Lisekese

Sophia alikohoa mpaka akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko mama yake alikokuogopa zaidi. Kikohozi chenyewe alikuwa amekizoea kwa wiki mbili: kilianza kama mzaha, kikafuatana mfululizo bila kumpa mtoto nafasi, uso ukaiva, mishipa ya shingo ikatuna. Kisha pumzi ikakata. Bibiana alimshika paji la uso kwa kiganja kimoja na tumbo kwa kingine, akangoja. Miamba mikubwa ya Masasi iliyosimama nyuma ya nyumba za misheni, kuku wa jirani waliokuwa wakiparua penye matope, vyote vilionekana kutulia kumngoja mtoto mmoja wa miaka minne avute hewa. Ndipo ukaja ule mlio mwembamba, kama wa jogoo anayejifunza kuwika. Sophia akatapika uji wake wote, akajifuta kwa mkono, akauliza:

"Mama, kesho tunapanda lori?"

"Lala kwanza," Bibiana alisema.

Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba, mwaka 1949. Kule Mkunya, juu kwenye uwanda wa Newala, ukoo wote ulikuwa ukikusanyika kwa Noeli, na mwaka huu si kwa Noeli tu. Mdogo wake Anjelina, aliyeolewa na Stefano, alikuwa na mtoto. Wawili waliotangulia hawakumaliza hata miezi mitatu, na mara zote mbili Bibiana alipanda kwenda kuzika. Huyu wa sasa walimwita Majaliwa, na Anjelina alimwandikia dada yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: *Nataka wewe ndiye umshike mbele ya kasisi.* Hata Arthur, mume wa Bibiana, aliyekuwa karani kwenye mashamba mapya ya karanga huko Nachingwea, alikuwa ameomba ruhusa ya siku tano. Angekwenda moja kwa moja hadi Mkunya kwa gari la kazini. Hawakuwa wameonana tangu Agosti.

Hivyo Bibiana alikuwa ameishi miezi yote hiyo akiitazamia wiki moja. Nyumba za walimu zilizomzunguka zilikuwa zimekwisha kufungwa, kila mtu amekwenda kwao. Kulikuwa na nyakati za mchana alipojisikia akizungumza peke yake jikoni, akinyamaza kwa aibu Sophia alipouliza, "Nani, Mama?"

Siku iliyotangulia alikuwa amempeleka mtoto zahanati. Dresa Cuthbert, mtibabu wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, alisikia kikohozi mara moja tu, akaweka kalamu chini.

"Kifaduro," alisema.

"Kitamwacha?"

"Kitamwacha, kwa wakati wake. Kinaweza kukaa miezi. Mpe uji kidogo kidogo, na akitapika umpe tena. Huyu ana nguvu za kukohoa, Mama Sophia. Si yeye ninayemhofia."

"Unamhofia nani?"

"Wachanga. Kichanga hakijui kukohoa. Kinanyamaza tu."

Hakumuuliza kama ana safari, na Bibiana hakumwambia. Alitoka mle ndani amebeba siri ambayo hakuna aliyemtaka aifiche.

Siku nzima ya tarehe ishirini na mbili aliipanga na kuipangua ile safari. Sophia angelala jiko la nje, mbali na kichanga. Lakini Sophia hakujua kulala mahali asipomwona mama yake. Yeye Bibiana angenawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea mtoto. Lakini wakati amempokea, nani angemshika Sophia, katikati ya binamu kumi na wanane waliokuwa wakimngoja wacheze naye?

"Niachie huyu," alisema jirani yake Siti, mjane wa makamo aliyekaa nyumba ya tatu, ng'ambo ya njia. "Nenda kambatize mtoto wa mdogo wako, urudi. Mimi nimelea saba."

"Ahsante, Mama Muharami. Lakini akikohoa hatulii mpaka nimshike."

"Atatulia. Hebu nenda kisimani sasa hivi, tujaribu."

Bibiana akachukua ndoo. Hakufika hata nusu ya njia kabla hajasikia kikohozi kikianza nyuma yake, chembamba kwa umbali, kisha kile kimya. Ndoo aliiacha pale pale. Alimkuta Siti akimpiga mtoto mgongoni, na Sophia amenyoosha mikono mbele, akipapasa hewa tupu. Pumzi ilipomrudia, Siti aliketi chini kwenye kizingiti.

"Sijaona kikohozi kama hiki," alisema polepole. "Nisamehe, mwanangu. Sikiwezi hiki."

Kwa hiyo zilibaki njia mbili, kwenda naye au kukaa. Na alfajiri ya tarehe ishirini na tatu, Bibiana alijikuta akimvika Sophia gauni jeupe, akifunga mihogo ya kuchemsha kitambaani, akifunga mlango. Hakujiambia kuwa ameamua. Alijiambia kwamba jana alasiri mtoto alikohoa mara tatu tu, na kwamba hewa ya juu ni nyepesi kuliko hii ya Masasi. Alijiambia mengi mpaka akafika lilipo lori.

"Panda nyuma, Mama Sophia," alisema Mrisho, dereva, ambaye miaka yote alipeleka watu na mizigo Newala. "Leo ni siku ya kubanana. Mzee Yohana hajambo huko juu? Nitamla kuku wake mwaka huu."

Baba yake alikuwa mzima, Bibiana alijibu, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa siku nyingi. Watu juu ya magunia ya chumvi walimsogezea nafasi, mmoja akampa Sophia kipande cha muwa, na lori lilipoondoka mtoto alipiga makofi. Upepo ulikuwa mwanana. Bibiana aliwatazama wale wasafiri wenzake, nyuso zao zilizooshwa kwa ajili ya sikukuu, akahisi kwamba amerudi kuwa mtu kati ya watu.

Lori lilisimama Lisekese kupakia magunia ya korosho. Abiria waliosubiri walipanda, na mwanamke mmoja kijana akasukumwa na msongamano mpaka akaketi goti kwa goti na Bibiana. Alikuwa amebeba mtoto kifuani, amemfunika kichwa kwa kipande cha kanga kuukuu.

"Ana umri gani?" Bibiana aliuliza.

"Arobaini yake imeisha juzi." Yule mwanamke alitabasamu. "Nampeleka Makote kwa bibi yake. Hajamwona. Mimi naitwa Sikudhani."

Bibiana akamgeuza Sophia, akamlaza uso kifuani pake. Labda ni kwa kubanwa vile, labda ni vumbi la magunia, kikohozi kikaja. Alimkandamiza mtoto zaidi, lakini kifaduro hakifichiki kifuani. Sophia akajinasua, akakohoa mbele ya watu wote, akakata pumzi, akaivuta kwa ule mlio wake, na makamasi mazito yakamtoka mdomoni. Watu wakasema pole. Na Sikudhani, bila kufikiri mara mbili, kwa wepesi wa mtu mwenye moyo mwema, alikivuta kile kipande cha kanga kutoka kichwani mwa mwanawe, akainama, akamfuta Sophia mdomo.

"Pole, mama," alimwambia. "Pole sana." Kisha akakikunja upande mwingine, akataka kumfunika tena mtoto wake.

Bibiana akamshika mkono.

"Usimfunike kwa hicho," alisema chini chini. "Huyu wangu ana kifaduro."

Sikudhani alimtazama. Uso wake haukubadilika kwa ghafla. Ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwepo zahanati ila yeye na dresa.

"Nilijua."

Sikudhani hakumtukana. Alikiachia kile kipande cha kanga kikaangukia nje ya lori, akamzungushia mtoto mikono yote miwili, akageuka akampa Bibiana mgongo, pale pale walipobanana, ambapo hapakuwa na nafasi ya kugeuka.

Bibiana aliteremka. Mrisho alitoa kichwa dirishani, ameduwaa.

"Mama Sophia! Safari bado. Unashuka nini?"

"Nashuka tu."

"Sasa huko niwaambie nini?"

Watu juu ya lori walikuwa wakimtazama, na lile neno kifaduro alilolitamka mara moja lilikataa kutoka mara ya pili. "Waambie nimeshindwa," alisema.

Lori likaondoka. Alimbeba Sophia mgongoni, akashika njia ya kurudi Masasi kwa miguu, na mtoto alilia mpaka walipofika nyumbani, kilio cha mtu aliyedhulumiwa, kisichosikia maelezo.

Siku ya Noeli kengele ililia, na Bibiana hakwenda kanisani kwa sababu ya watoto wa wenzake. Alisimama uani akasikiliza nyimbo kwa mbali. Aliyajua maneno yote, lakini hakuimba. Mchana Siti alivuka njia akiwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo, Mama Muharami."

"Marahaba. Nimetazama tangu asubuhi, jikoni kwenu hamna hata moshi. Sikukuu ni yenu, mnanifanya mimi nipike?" Akaweka wali na kuku mbele ya Sophia, akaketi. Hakuuliza kwa nini walirudi. Alikaa mpaka mtoto akamaliza, na alipoondoka Bibiana aliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshika tonge lile lile muda wote.

Arthur alikuja siku mbili baadaye, suruali imeloa matope mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Alimbeba Sophia, akamsikiliza akikohoa, na kabla hajaambiwa chochote akawa ameelewa nusu ya jambo.

"Mrisho alisema umeshindwa," alisema walipokwisha kula. "Baba akauliza, ameshindwa nini? Hakuna aliyejua. Mzee aliketi nje mpaka jioni, akitazama barabara."

"Na Anjelina?"

"Alisimama mlangoni mwa kanisa mpaka kasisi akatuma mtu amwite. Mwisho mke wa katekista ndiye aliyemshika mtoto."

"Alisema nini?"

"Alisema, labda dada amechoka. Kila akija kwangu tunazika."

Bibiana akaweka sahani chini. Alimweleza yote: dresa, kichanga, lori, Sikudhani na kipande chake cha kanga. Arthur alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulifanya vyema kushuka," alisema. Kisha, bila ukali, kama karani anayetaka kuelewa tu: "Lakini kwa nini ulipanda?"

"Nilitaka kuwaona."

Kesho yake asubuhi alirudi Nachingwea, maana ruhusa yake ilikuwa imeishia njiani.

Bibiana alimwandikia Anjelina barua, kueleza kile kifaduro. Aliifuta, akaiandika tena, fupi zaidi kila mara, mpaka ikabaki mistari minne. Januari nzima ikapita bila jibu. Siku moja ya soko alikwenda mpaka Lisekese, akauliza habari za mwanamke kijana aitwaye Sikudhani mwenye mtoto mchanga. Alikuwa mgeni tu hapa, waliambizana kina mama wa sokoni, wakakumbushana. Alikuja kumsalimu shangazi yake, akapita. Mtoto wake? Hawakujua. Kwani kuna nini? Bibiana alisema hakuna, akanunua chumvi ambayo hakuihitaji. Tangu siku hiyo kila aliposikia kichanga kikilia mahali popote alisimama kidogo, akishukuru kwa ile sauti.

Mwanzoni mwa Februari kikohozi cha Sophia kilikuwa kimepungua hadi mara moja kwa siku, saa za asubuhi. Bibiana alikuwa akimsuka nywele kibarazani aliposikia mtu akiita kutoka ng'ambo ya kiwanja cha mpira cha shule.

"Dada! Dada Bibiana!"

Upande wa pili, kando ya barabara, lori lilikuwa limesimama, na mbele yake mwanamke amebeba mtoto. Bibiana alitambua ule mkao wa bega moja chini kabla hajaitambua sauti. Akaruka kibarazani, akaanza kukimbia.

"Simama hapo hapo!" Anjelina alipiga kelele. "Usivuke!"

Bibiana akasimama penye mstari wa goli. Kati yao palikuwa na kiwanja kizima cha majani mabichi.

"Tunahamia Nachingwea!" Anjelina aliita. "Stefano amepata kazi, shemeji kamtafutia! Sophia anaendeleaje?"

"Anapona! Bado kidogo!"

"Barua yako niliipata!"

"Mbona hukujibu?"

"Nilikuwa nimekwisha kusema maneno!" Anjelina aliita hatimaye. "Sikujua nitayarudishaje!"

Dereva akapiga honi. Anjelina akamtoa mtoto kwenye nguo zake, akamfunua, akamnyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, kumwelekeza kwa dada yake.

"Umemwona?"

Kwa umbali ule Bibiana aliona kitu kidogo chenye miguu inayopiga hewa, basi. Uso ulikuwa doa tu kwenye mwanga.

"Nimemwona!" aliita. "Ana macho ya Mama!"

Anjelina alicheka, au labda alilia. Kutoka pale aliposimama Bibiana, mtu asingeweza kutofautisha. Honi ililia tena, naye hakumshusha mtoto. Aliendelea kumshika juu vile vile, na Bibiana aliendelea kutazama.